Nafasi Zilikuwa Mbili

Akalla, jioni, kesho ukiwa safarini

Nekesa mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako. Mama yako ameshuka chumba cha kufulia na yale mashuka ambayo umemwambia mara ngapi kwamba hata huko Umeå unakokwenda kusoma yanauzwa. Jua bado liko juu ya magorofa, nyumba imetulia, na mimi nimekaa kwenye meza yako kwa sababu hapa ndani ndiyo pekee iliyobaki wazi.

Mambo ya koti, ya chakula na ya kupiga simu Jumapili nimemwachia mama yako, anayajua kuliko mimi. Mimi nataka kukuandikia juu ya rafiki yako Ineza. Kisa chenyewe unakijua, maana wewe ndiye uliyenikamata. Lakini unachokijua ni kile nilichofanya. Sijawahi kukueleza nilifikaje pale, wala yaliyonipata baadaye, na sitaki uondoke ukiwa na nusu ya baba.

Nianzie kanisani. Unaikumbuka ile ibada ya Kiswahili ya alasiri, sisi Wakenya tukijazana upande wa madirisha, Warundi na Wakongo karibu na vyombo vya muziki. Pale hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Mwalimu. Nilifundisha hesabu Kitale kwa miaka mingi kabla sijamfuata mama yako huku alipokuja kusoma, na watu walifurahi kuwa na mwalimu wao. Wiki nzima kwenye nyumba ya wazee nilikuwa mtu wa kutandika vitanda na kuosha miguu. Siidharau kazi hiyo. Imetulisha, na nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Ila Jumapili wazazi walipokuja na maswali yao, mtoto aende shule gani, asome nini, Mwalimu wewe unazijua hizi shule, mgongo wangu ulinyooka. Nilijibu hata nisiyoyajua.

Halafu ukafika darasa la tisa. Mshauri wa shule alituita, akasema kwa upole mwingi kwamba wewe ni mtu wa watu, na kwamba mafunzo ya kulea watoto yangekufaa sana. Alama zako hakuzifungua. Nilipomwuliza kuhusu fani ya sayansi alitabasamu, akasema ni ngumu, wengi wa huku kwetu huianza kisha wakahama. Wewe ulikuwa unatazama viatu vyako. Sikuona ubaya wowote katika kulea watoto. Kilichoniuma ni kwamba mtu yule alikuwa ameshakukatia maisha kwa kutazama anwani yako tu, na wewe ulikuwa umeanza kumwamini.

Kwa hiyo niliposikia habari za ile friskola, shule ya watu binafsi, kule mjini, nilikuwa tayari kuipenda kabla sijaiona. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa mitaa kama yetu, wa huku mwisho wa reli, ili wafike chuo kikuu na kazini wakiwa hawana cha kuogopa. Jioni ile ya wazazi ulikuwepo. Mkuu wa shule alisema kila mwanafunzi atakuwa na mtu wa kumfuatilia, kwamba masomo ya ziada yataendelea hadi jioni na chakula kitakuwepo, kwamba watu wa maabara na wa ofisini watakuja kuwaeleza kazi zao. Yule mwalimu wa fizikia akakuuliza jina lako na akalitamka sawasawa. Nilikuona ukinyanyua uso. Nilitoka mle kama mtu aliyeokoka.

Na nikaanza kuhubiri. Niliihubiri shule ile kuliko mchungaji alivyohubiri Injili. Wazazi walikuwa hawaamini kwamba shule ya watu binafsi inaweza kuwa bila ada. Nikawaeleza kwamba kodi ndiyo inayomlipia kila mtoto. Wengine walisikiliza wakaenda zao. Mama Ineza alibaki na wasiwasi.

Unajua alivyo. Kiswahili chake amekitoa kambi ya wakimbizi Kigoma, kisafi na cha taratibu, na hasemi jambo kabla hajalipima. Alimlea Ineza peke yake kule Norsborg, na shule ya pale ilikuwa inampenda mtoto.

"Mwalimu," akaniambia, "pale wanamjua. Akiumwa wananipigia simu kabla sijajua mwenyewe. Huko mjini nani atamjua?"

"Mimi nitamjua," nikasema. "Akiwa na Nekesa, ni kama wangu."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, mbele ya chai na mandazi, watu wakisikia. Sikuyasema kwa hila. Niliyaamini.

Na mwanzoni yote yalikwenda kama nilivyoahidi. Wewe ulishuka na treni ya buluu kutoka huku, yeye na ile nyekundu kutoka kule, mkakutana kituo kikuu cha T-Centralen mkaenda pamoja. Mlipelekwa chuo kikuu mkavaa makoti meupe, mkarudi mkisema mtasomea kazi ya maabara ya hospitali, wote wawili, tena Umeå, kwa sababu Ineza alisoma mahali kwamba huko vyumba vya wanafunzi vinapatikana upesi. Mlikuwa mkifanya hesabu hapa kwetu, kwenye meza ya jikoni, mkichekana kwa Kiswidi. Mimi nilipita nyuma yenu nikijifanya natafuta chumvi.

Hapo ndipo jambo lililoanza kuniharibu lilipoingia, na sikuliona. Ineza alikuwa anakuzidi. Si kwa mengi. Lakini akiliona swali, alikuwa ameshafika mwisho wake wakati wewe bado unachora mstari. Nilimsifu kwa mdomo, na moyoni nilikereka. Mwalimu mzima nilikuwa nashindana na mtoto wa mwenzangu aliyekuwa anakula ugali mezani kwangu. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako.

Katika mwaka wenu wa pili nilichaguliwa kuwa mmoja wa wawakilishi wa wazazi. Siku moja, kabla ya likizo ya majira ya baridi, mkuu wa shule aliniomba nibaki baada ya kikao. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia wenye shule wamejitoa, shule itafungwa, na wanafunzi watatawanywa katikati ya mwaka. Akaniomba nikae kimya kidogo, tangazo litatoka karibuni, hawataki watu wapatwe na hofu.

Sikufika hata kituoni kabla hofu haijanipata mimi.

Niliwaza juu ya yule mshauri na tabasamu lake. Niliwaza kwamba watoto wote wale watakimbilia nafasi chache zilizopo, na kwamba wewe, ambaye ndiyo kwanza umeanza kujiamini, utaangukia popote watakapokutupa. Kesho yake nikiwa kazini niliingia chumba cha dawa nikaanza kupiga simu shule moja baada ya nyingine. Nyingi zilikataa. Ile ya Sundbyberg, mama mmoja akapokea, sauti yake ya uchangamfu, akatafuta, akasema, "Una bahati. Kwenye fani ya sayansi kuna nafasi mbili. Kuna mwingine unayemjua?"

Nekesa, hakunibana. Hakuwa na haraka.

"Hapana," nikasema. "Ni wangu tu."

Nimelirudia jibu hilo kichwani nikitafuta mahali pa kulitetea. Nilijiambia nikimwambia Mama Ineza habari zitaenea kanisani kote, kila mtu atapiga simu, na wewe utakosa. Nilijiambia nimeombwa kutunza siri. Hayo yote yalikuwepo. Lakini lililonitoa neno mdomoni ni hili: niliogopa kwamba wakiwaona wawili, na alama zenu, na kama mambo yakibadilika ikabaki nafasi moja, watamchukua Ineza. Nilikupenda, na nilifanya vile kwa sababu nakupenda. Ndiyo maana imenichukua muda mrefu kuona kwamba ni uovu. Kama ningefanya kwa chuki ningejishtukia.

Na bado hapo nilikuwa sijamaliza. Tangazo lilipotoka, Mama Ineza alinipigia akilia. Sijawahi kumsikia akilia.

"Mwalimu, tufanye nini?"

Ile nafasi ya pili ilikuwa bado wazi. Ningeweza kusema jina la shule, basi. Lakini ningesema, angejua kwamba nililijua jambo kabla yake. Nikamwambia, "Tulia, mama. Manispaa wana wajibu, watawapangia watoto wote. Subiri simu yao." Akanishukuru.

Wewe ulihamia Sundbyberg. Ineza alipangiwa shule ambako fani ya sayansi ilikuwa imejaa, akawekwa kwenye fani nyingine, aanze upya na watoto wadogo kwake. Alijikaza. Theluji ilipoyeyuka akawa haendi tena, akawa anapanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa karibu na kwao. Ulikuwa ukimpigia simu, na yeye akapunguza kupokea. Ulilia hapa nyumbani ukisema hujui umemkosea nini. Mimi nilikaa papo hapo kwenye kochi, nikakwambia watu hubadilika.

Hilo la kochi linanichoma kuliko la simu.

Halafu ile siku. Ulirudi kutoka shule, hukuvua hata viatu. Yule mama mchangamfu alikuwa amekusimulia, kwa nia njema tu, kwamba ni bahati mbaya ile nafasi nyingine ilikaa bure, angefurahi kama ungekuja na mwenzako, lakini baba yako alisema hakuna mtu. Ulinisimamia mlangoni na kuniuliza kwa Kiswidi, ile lugha unayoitumia na madaktari na maofisa.

"Baba, zilikuwa mbili?"

Nikasema, "Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Muhula mzima nimekaa na kiti kitupu pembeni yangu," ukasema. "Muhula mzima. Na wewe ulijua ni cha nani."

Baada ya hapo uliniongelesha Kiswidi tu. Kilikuwa cha heshima, hukunitukana. Asante, hapana, nimekula. Nilistahili. Mimi nami nikaanza kuomba zamu za Jumapili kazini ili nisiende kanisani. Watu wakauliza Mwalimu yuko wapi, mama yako akajibu ana kazi nyingi, na akirudi nyumbani ananitazama. Hakuwa anajua yote mpaka ulipomwambia. Alipojua, hakupiga kelele. Alikuwa anakunja nguo, akaniuliza bila kugeuka, "Utakwenda lini Norsborg?" Nikasema naandaa maneno. "Sikukuuliza maneno," akasema. "Nimeuliza lini."

Hata hivyo nilikawia. Majira yakageuka, ukaingia mwaka wa mwisho, na baridi ikaisha. Nilikwenda majira ya kuchipua, siku ya mapumziko yangu. Nilikaa kwenye treni nyekundu mpaka mwisho, watu wote wakashuka, dereva akatoka kwenda upande wa pili, na mimi bado nimekaa.

Mama Ineza alinifungulia, akanikaribisha, akaweka maji ya chai. Sikungoja yachemke. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama jikoni kwake: kikao, simu, nafasi mbili, jibu langu, na jinsi nilivyomwambia asubiri manispaa. Nilipomaliza alizima jiko.

"Najua," akasema. "Nekesa alikuja akatuambia. Mwaka jana."

Hukuniambia, mwanangu. Wewe mtoto ulikuwa umeshapita njia ile ambayo mimi mtu mzima niliiogopa.

"Mbona hukunitafuta?" nikamwuliza.

"Nikutafute nini? Nilijisemea moyoni, nikimfuata mimi, atajitetea. Nikimwacha, siku akija ajue amekuja kwa miguu yake." Akavuta kiti, akakaa, mimi akaniacha nimesimama. "Mimi nimeporwa na watu wenye bunduki, Mwalimu. Wale sikuwa nimewapa mtoto wangu mkononi. Wewe nilikupa."

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, sakafu ina maji.

"Sitakwambia nimekusamehe," akasema. "Labda siku moja. Leo ningesema, ungeshuka ngazi umepona, na mtoto wangu bado yuko dukani anapanga maziwa. Ila kuna jambo moja. Pale kanisani wazazi bado wanasema, tungoje Mwalimu arudi atatushauri shule. Nenda uwaambie wewe ni nani. Halafu waamue kama bado wanataka ushauri wako."

Hilo ndilo lililotokea ile Jumapili ambayo wewe ulikuwa kwenye mtihani wa majaribio na ukarudi ukakuta mama yako amevimba macho. Baada ya matangazo niliomba nafasi, nikasimama mbele, nikasema. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja wa Kikongo alikohoa, akatoka nje. Baba mmoja Mkenya, tuliyekuwa tukisafiri naye kila wiki, aliniambia pale mlangoni, "Hata mimi ningefanya vile," akanipiga bega, na nakwambia maneno yake yaliniumiza kuliko yule aliyetoka. Tangu siku hiyo wengi wananiita Baba Nekesa. Nimeanza kuzoea.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki chache baadaye simu ikaita, ni Ineza. Sauti ya kikazi kabisa. Alikuwa amejiandikisha shule ya watu wazima, anamalizia masomo ya sayansi jioni baada ya kazi, na hesabu ya ngazi ya juu ilikuwa inamshinda kwa sababu ya zile sehemu alizozikosa.

"Unaweza kunifundisha?" akauliza.

Nikaanza, "Ineza, kwanza naomba nikuambie..."

"Hapana," akanikata. "Mama ameniambia ulisema nini. Mimi pole siihitaji. Nahitaji hesabu."

Basi tunakutana maktaba ya Kista Jumamosi asubuhi. Hatuongei jambo jingine. Akielewa, huitikia kwa kichwa na kugeuza ukurasa. Siku zile za mwanzo nilikuwa namfundisha kwa upole wa kujipendekeza, nikimwambia karibu kila kitu ni sawa, mpaka akaweka kalamu chini akasema, "Fundisha kama zamani." Nikafundisha kama zamani. Masomo mengine bado yamebaki. Chuo ataomba mwakani. Angekuwa anaondoka nawe kesho. Hilo siwezi kulirekebisha kwa Jumamosi zote nilizobakiza duniani, na ninaomba usinifariji kwamba hatimaye yote yamekuwa sawa. Hayajawa sawa. Yanaendelea tu.

Sasa nije kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Julai, ulipopata nafasi ya Umeå, ulijifungia chumbani na hukutoka. Mama yako aliingia akatoka na habari kwamba unataka kuikataa. Ulisema si yako, Ineza aliibiwa ili wewe uipate. Sikuthubutu kuingia. Ningekwambia nini, mimi? Nikampigia Ineza, nikamweleza, sikumwomba lolote. Akaja moja kwa moja kutoka kazini, na sare ya duka. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, nami nilikuwa jikoni, kwa hiyo nilisikia.

"Ukikaa nyumbani mimi nafaidika nini?" akakuuliza. "Eti? Niambie. Nitapata nini?"

Wewe ukasema huwezi kwenda kuisomea ndoto yake.

"Ndoto yangu ninayo mwenyewe," akasema. "Sijakupa. Nenda ukaniangalizie chumba, na uniambie ni kozi gani ngumu. Na acha kulia kwa ajili yangu, Nekesa, unanichosha."

Kisha mkacheka, kisha mkalia wote, nami nikafungua bomba la maji ili nisiendelee kusikia ambayo hayanihusu.

Ninachotaka kuongeza kwa maneno ya Ineza ni kidogo. Ile nafasi ya Sundbyberg nilikutafutia mimi, kwa njia niliyokueleza. Lakini usomaji ulikuwa wako. Usiku uliokesha ukisoma fizikia ulikuwa wako, na zile alama, na ule ujasiri wa kwenda Norsborg kusema kweli ambayo haikuwa dhambi yako. Kosa ni langu, na mimi ndiye ninayekaa nalo huku. Usilipakie kwenye begi. Nilipokuwa kijana nilidhani mtu mwema ni yule asiyekosea watoto wa watu. Sasa sijui mtu mwema ni nani. Najua tu kwamba nilipochelewa kwenda, kila siku niliyochelewa mtu mwingine aliilipa. Ukikosea huko, na utakosea, nenda mapema. Nenda hata kama huna maneno.

Nimemaliza, na nasikia lifti, nadhani ni mama yako na mashuka yake.

Kesho stesheni Ineza atakuja, na mama yake pia. Alimwambia mama yako kwa simu kwamba anakuja kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya wengine. Utaona hanipi mkono. Usinionee huruma, wala usimkasirikie. Mkimbilie umkumbatie kwa muda wote mtakaopenda. Mabegi nitayapandisha mimi.

Akupendaye, na aliyekukosea,
Baba yako